Purimu: Sikukuu ya Watu Waliosingiziwa

Katika Agano la Kale mna kitabu kifupi ambacho Wakristu wengi wa kwetu hawakifungui mara nyingi. Ni kitabu cha Esta. Katika Misa twasikia kipande chake Alhamisi ya juma la kwanza la Kwaresima: ni sala ya malkia mwenye hofu, anayemwomba Mungu msaada kwa kuwa yuko peke yake. Kisha kitabu hufungwa mpaka mwaka ufuatao.

Kwa Wayahudi si hivyo. Wao hukisoma chote kila mwaka, tangu mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, tena mara mbili, jioni na asubuhi. Sikukuu hiyo inaitwa Purimu. Huangukia mwezi wa Februari au Machi, karibu na Kwaresima yetu, mwezi mmoja kabla ya Pasaka ya Kiyahudi. Tunataka kuwaeleza wasomaji wetu wa Kama, wa Kindu na wa Maniema yote asili ya sikukuu hii, namna inavyofanywa, na maana yake. Wasidhani kwamba ni habari ya mbali tu. Purimu imefanywa katika nchi yetu ya Kongo, huko Lubumbashi, mwisho wa njia ya reli ianziayo Kindu. Nayo ilifanywa na watu waliokuwa na sababu mbili za kuishika.

Habari ya Esta

Mfalme Ahasuero aliwatawala Waajemi. Wataalamu wengi hudhani ndiye yule ambaye Wagiriki walimwita Xerxes, aliyetawala tangu mwaka 486 mpaka 465 kabla ya Kristu. Kitabu chasema ufalme wake ulikuwa na majimbo 127, toka Bara Hindi mpaka Kushi, yaani nchi ya watu weusi iliyo kusini ya Misri. Basi amri ikitoka katika mji wake wa Susa, hata Waafrika iliwapasa kuisikia.

Katika Susa waliishi Wayahudi, uzao wa wale waliochukuliwa mateka toka Yerusalemu. Mmoja wao alikuwa Mordekai. Alikuwa amemlea binti yatima wa ndugu ya baba yake, jina lake la Kiyahudi Hadasa, na jina lake la pili Esta. Mfalme alipomfukuza malkia Vashti, alimchagua Esta awe malkia mahali pake. Lakini Esta hakumwambia mtu kabila lake, kwa sababu Mordekai alimkataza.

Baadaye mfalme alimpandisha mtu mmoja jina lake Hamani juu ya wakubwa wote. Watu wote wa langoni walimpigia magoti. Mordekai peke yake alikataa. Hamani akawaka hasira. Tena aliona ni jambo dogo mno kumwadhibu mtu mmoja. Akaulizia kabila lake, akataka kuliangamiza lote.

Wasomaji waangalie vema namna alivyosema mbele ya mfalme. Hakumtaja Mordekai. Hakueleza kwamba mtu fulani amemnyima heshima. Alisema kuna taifa moja limetawanyika katikati ya mataifa mengine, desturi zake ni za namna nyingine, sheria za mfalme halizishiki, tena kuliacha hivi si faida. Hata jina la taifa lenyewe hakulitaja. Kisha akaahidi talanta 10,000 za fedha. Na mfalme alifanya nini? Hakuuliza ni taifa gani. Hakuita shahidi. Alivua pete yake tu, akampa Hamani apige mhuri. Ndivyo taifa zima, wazee na watoto wachanga, lilivyohukumiwa kwa maneno machache, kwa sababu ya ugomvi wa watu wawili.

Ili kupata siku ya kuwaua, Hamani alipiga kura. Kura kwa neno lao iliitwa pur, na kwa wingi purim. Ndipo lilipotoka jina la sikukuu. Kura ilipigwa mwezi wa Nisani, ambao ni wa kwanza, ikaangukia siku ya 13 ya Adari, mwezi wa kumi na mbili. Hamani aliona amepata siku njema. Kumbe kura ileile iliwapa Wayahudi karibu mwaka mzima wa kujiokoa.

Mordekai akampelekea Esta habari. Esta aliogopa, na hofu yake ilikuwa na sababu. Mtu yeyote aliyeingia kwa mfalme bila kuitwa aliuawa, ila kama mfalme amemnyoshea fimbo yake ya dhahabu. Na Esta hakuwa ameitwa kwa muda wa siku thelathini. Mordekai akamjibu kwamba asidhani atapona peke yake kwa kuwa anakaa nyumbani mwa mfalme. Na labda alipewa umalkia kwa ajili ya saa ile. Esta akawaomba Wayahudi wa Susa wafunge pamoja naye siku tatu. Kisha akavaa mavazi ya kimalkia, akaingia.

Mfalme akamnyoshea fimbo. Esta akamkaribisha karamuni pamoja na Hamani, na kesho yake tena. Katika usiku wa katikati mfalme alikosa usingizi, akaagiza asomewe kitabu cha kumbukumbu. Humo akakuta kwamba zamani Mordekai alifunua shauri la watumishi wawili waliotaka kumwua mfalme, na hakupata tuzo lo lote. Katika karamu ya pili Esta akasema wazi kwamba yeye mwenyewe ni wa taifa lile lililohukumiwa, na kwamba adui yao ndiye huyu aliyeketi mezani. Hamani alikuwa amesimamisha mti wa dhiraa 50 ili amtundike Mordekai. Alitundikwa yeye. Wazee wetu husema: mchimba kisima huingia mwenyewe.

Siku ya kupigana na siku ya kupumzika

Lakini habari haikwisha hapo. Amri iliyopigwa mhuri wa mfalme wa Waajemi haikuweza kufutwa. Hamani amekufa, barua zake bado zilikuwa zinatembea katika majimbo yote. Ikabidi iandikwe amri ya pili, inayowapa Wayahudi ruhusa ya kukusanyika na kujilinda. Siku ya 13 ya Adari wakapigana na wale waliowaondokea. Kitabu chasema adui 75,000 waliuawa. Kwa Kigiriki imeandikwa 15,000. Tena chasema mara tatu kwamba Wayahudi hawakugusa mali ya waliokufa, ijapokuwa amri iliwapa ruhusa.

Wengine husoma sura hizi na kuchukizwa. Wauliza: Je, hii ndiyo sikukuu, kufurahia damu? Swali hili lastahili jibu, na jibu limo katika kalenda yenyewe. Siku ya 13, siku ya kupigana, si sikukuu. Wayahudi huifanya siku ya kufunga, nayo huitwa Mfungo wa Esta. Sikukuu ni siku ya 14, siku waliyopumzika baada ya vita. Mjini Susa vita vilidumu siku mbili, watu wa huko wakapumzika siku ya 15. Ndiyo maana hata leo Yerusalemu, kwa kuwa ni mji wenye kuta tangu kale, hufanya Purimu siku ya 15. Kila mahali wanashangilia siku ile ambayo silaha ziliwekwa chini. Yatupasa kukumbuka jambo hili: kalenda ya watu huonyesha wanapenda nini.

Kuna neno jingine la kushangaza. Katika Esta kama alivyoandikwa kwa Kiebrania, jina la Mungu halionekani hata mara moja. Katika maandiko ya Kigiriki zimo sala za Mordekai na za Esta, na jina la Mungu limetajwa wazi. Mtakatifu Yeronimu alipofasiri Biblia kwa Kilatini alizikusanya sehemu hizo mwisho wa kitabu, na Mtaguso wa Trento mwaka 1546 ulizithibitisha kuwa Maandiko Matakatifu. Marabi nao wameeleza mara nyingi kwa nini Mungu hatajwi katika Kiebrania: kazi yake imefichika katika mambo ya kila siku, kama vile mfalme kukosa usingizi.

Kusema kweli, hakuna maandiko ya Waajemi yanayomtaja Esta, na Herodotos, mwandishi wa Kigiriki, anamwita mke wa Xerxes kwa jina jingine, Amestris. Kwa hiyo wataalamu wanabishana ni kiasi gani cha kitabu ni historia. Lakini kwamba sikukuu yenyewe ni ya kale sana, hatuna mashaka. Kitabu cha pili cha Wamakabayo, sura ya 15, chataja siku ya Mordekai kama jambo ambalo watu walikwisha kulijua kabla ya kuzaliwa kwa Kristu.

Jinsi Purimu inavyofanywa

Wayahudi wana wajibu nne siku hiyo. Wa kwanza ni kusikia kitabu cha Esta. Hakisomwi katika kitabu cha kawaida, bali katika ngozi iliyoandikwa kwa mkono na kukunjwa. Msomaji akitaja jina la Hamani, watoto hupiga miguu chini, hupiga kelele na kuzungusha vyombo vya mti vyenye mlio mkali, ili jina lake lisisikike. Majina ya wana kumi wa Hamani husomwa upesi, kwa pumzi moja.

Wajibu wa pili ni kupelekeana chakula. Kila mtu humpelekea rafiki yake angalau vyakula viwili vilivyo tayari kuliwa. Wa tatu ni kuwapa maskini, na maskini wasipungue wawili. Wa nne ni karamu, inayoliwa mchana. Siku hiyo watoto huvaa mavazi ya kigeni: huyu mfalme, yule malkia, mwingine hujifunika uso, kama vile Esta alivyolificha kabila lake. Wayahudi wa Uturuki na Ugriki hutengeneza mikate yenye yai zima ndani, lililofungwa kwa vipande vya unga kama mtu aliye kifungoni. Ndiye Hamani gerezani.

Mambo haya ya kupeleka chakula na kuwapa maskini hayakubuniwa baadaye. Yameamriwa katika kitabu chenyewe, sura ya 9. Nasi hatuna haja ya kufafanuliwa sana. Katika Maniema kila mtu anajua maana ya sahani ya wali na sombe inayovuka njia kwenda kwa jirani. Maana yake: tungali pamoja. Hamani alisema taifa lile limetawanyika. Sahani zinazopita toka mlango mpaka mlango ndizo zinazomjibu.

Si Wayahudi wote walioishika sikukuu kwa namna moja. Beta Israel wa Etiopia, waliokaa mbali na wenzao kwa karne nyingi, walishika Mfungo wa Esta, lakini karamu ya Purimu hawakuwa nayo mpaka walipokutana na Wayahudi wengine.

Purimu ya pili ya Rhodes

Miji mingi ya Wayahudi ilifanya Purimu yake ya pili, kukumbuka wokovu uliotokea kwao wenyewe. Wayahudi wa Cairo walikuwa nayo tangu mwaka 1524, walipookolewa katika mkono wa Ahmed Pasha. Lakini iliyo karibu nasi kuliko zote ni ile ya Rhodes.

Rhodes ni kisiwa karibu na Uturuki. Humo walikaa Wayahudi waliosema Kiladino, yaani Kihispania cha zamani, kwa kuwa babu zao walifukuzwa Hispania mwaka 1492. Mwezi wa Februari 1840, kisiwa kikiwa bado chini ya Waturuki, mtoto mmoja Mgriki alipotea. Neno likatoka kwamba Wayahudi wamemwua ili watumie damu yake katika ibada. Yalikuwa masingizio ya kale ya Ulaya. Papa Innocent IV alikuwa amekwisha kuyakataa katika barua zake za mwaka 1247. Hata hivyo Wakristu wengi waliendelea kuyaamini. Mwezi uleule, mjini Damasko, padri mmoja Mkapuchini alipotea, na huko pia walishtakiwa Wayahudi.

Katika Rhodes watu walikamatwa na kuteswa ili waungame. Mtaa wa Wayahudi ulifungwa siku kumi na mbili, mtu asiingie wala asitoke. Mabalozi wa nchi za Ulaya, ambao iliwapasa kutafuta ukweli, karibu wote walikuwa upande wa washtaki. Mwezi wa Julai 1840 Wayahudi walihukumiwa kuwa hawana kosa, na liwali akaondolewa. Mwezi wa Novemba Sultani Abdulmecid akatoa amri iliyotangaza kwamba masingizio ya damu ni uongo. Kwa kuwa taabu ilianza karibu na siku za Purimu, watu wa Rhodes wakaweka sala na nyimbo zaidi siku ileile ya 14 Adari. Tangu hapo walikuwa na Purimu mbili katika siku moja, ile ya Susa na ile ya kwao.

Kutoka Rhodes mpaka Katanga

Kisiwa kilikuwa na umaskini, na vijana wakaanza kuondoka. Kabla ya vita vya 1914 baadhi yao walifika Katanga, wakafungua maduka katika mji mpya wa Elisabethville, ambao tangu 1966 unaitwa Lubumbashi. Ndugu waliita ndugu. Mwaka 1930 sinagogi ilijengwa. Mwaka 1937 alifika rabi Moïse Levy, mwana wa Rhodes, akawatumikia zaidi ya miaka hamsini. Karibu na mwaka 1960 Wayahudi wa Kongo walikuwa kama 2,500, na karibu nusu yao walikaa mji huo. Baadaye wengi walihama, lakini sinagogi haikuvunjwa.

Basi katika mji huo wa Kongo kitabu cha Esta kilisomwa kwa sauti iliyotoka Rhodes. Lakini Rhodes yenyewe ilikuwa inaelekea mwisho wake. Waitalia walikuwa wamekitwaa kisiwa mwaka 1912, na mwaka 1938 walileta sheria za kuwatenga Wayahudi. Mwezi wa Septemba 1943 Wajerumani wakakishika. Tarehe 23 Julai 1944 Wayahudi wa Rhodes, zaidi ya 1,600, walipandishwa katika mashua, wakapelekwa Auschwitz. Waliorudi wakiwa hai ni kama 150. Wale waliokuwa Elisabethville walipona kwa sababu moja tu: walikuwa wameondoka mapema kutafuta kazi. Wazazi na dada zao waliobaki kisiwani hawakupona.

Je, siku ile hakuwako Esta? Alikuwako mtu mmoja. Selahattin Ülkümen, balozi mdogo wa Uturuki, alikwenda kwa mkubwa wa Wajerumani, akadai waachwe wote aliowahesabu kuwa watu wa Uturuki, pamoja na wake zao na waume zao. Akaokoa watu zaidi ya 40. Yeye alikuwa Mwislamu, wala hakuwa na udugu nao. Mwaka 1989 taifa la Israeli lilimhesabu kati ya Wenye Haki wa Mataifa. Hakuweza kuwaokoa wote. Lakini alikuwa na mlango kwa mkubwa, naye aliingia.

Neno la Hamani kwetu

Wasomaji watauliza: sisi wa Maniema, hatuna Wayahudi hapa, Purimu yatuhusu nini?

Yatuhusu, kwa kuwa neno la Hamani halihitaji Wayahudi. Linahitaji tu mtu wa kusema kwamba watu fulani wote ni namna moja, na mtu wa kumsikiliza bila kuuliza. Mwaka 1964, siku za Simba, watu wengi waliuawa mjini Kindu, na kosa la wengi lilikuwa ni kusoma na kufanya kazi ya ofisi. Mwaka 1992 na 1993, katika Katanga ileile iliyowapokea watu wa Rhodes, mamia ya maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao, wengine wakiwa wamezaliwa hukohuko. Walilala kwenye vituo vya treni wakingoja, na wengi walikufa njiani. Hakuna aliyemwuliza kila mmoja wao: wewe umefanya nini? Ilitosha kujua kabila.

Katika machimbo ya Maniema makabila mengi hukaa pamoja. Duka likiibiwa, mtoto akipotea, ugonjwa ukiingia, neno la kwanza hutoka upesi: ni wale. Hapo ndipo kura inapopigwa. Aliye na neno la kusikilizwa, awe chifu, katekista, mwalimu au mama wa nyumba anayeheshimiwa na majirani, ndiye aliyesimama mahali pa Esta. Pengine ataona ni afadhali kunyamaza, kwa kuwa jambo si lake. Mordekai amekwisha kumjibu.

Kanisa nalo lilichukua muda mrefu kulijifunza neno hili kwa habari ya Wayahudi. Mwaka 1959 Papa Yohane XXIII aliondoa katika sala ya Ijumaa Kuu neno lililowashutumu kuwa wasio waaminifu. Tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano ukatangaza kwamba mateso ya Kristu hayawezi kuhesabiwa juu ya Wayahudi wote wa siku zile bila ubaguzi, wala juu ya Wayahudi wa leo. Kwa maneno mengine: kosa la mtu lisiandikwe juu ya taifa. Hamani alifanya kinyume cha hayo.

Wayahudi hawakusahau jina la Hamani. Kila mwaka hulizima kwa kelele za watoto. Lakini kelele zikiisha, hawatoki kumtafuta adui. Hutoka na sahani mkononi kwenda kwa jirani, na fedha kidogo kwa maskini wawili. Hivyo ndivyo walivyochagua kuikumbuka hatari. Kwa karne nyingi, katika Susa na Cairo, katika Rhodes na Lubumbashi, siku waliyoitunza kwa furaha ni ile waliyopumzika.